Gia Mpya za Cyriel Haesebrouck

Saa mbili na dakika tano asubuhi, Jumamosi tarehe 11 Machi 2023, Cyriel Haesebrouck aliingia dukani kwangu akisukuma baiskeli yake kwa mkono wa kulia peke yake. Wa kushoto alikuwa ameutia mfukoni.

"Umechelewa," nilimwambia.

"Dakika tano, fundi. Nenda ukanishtaki."

"Toa huo mkono nje niuone."

"Mkono wangu si baiskeli, Lode."

"Na baiskeli unaiendesha kwa kitu gani, kwa masharubu?"

Akautoa. Kidole gumba na cha shahada vilikuwa vikisuguana polepole bila kukoma, kama vya mtu anayesokota sigara ya karatasi. Alikuwa na umri wa miaka sitini na minane. Maisha yake yote alikuwa fundi wa mitambo ya kufuma katika mji wa Ronse, hadi kiwanda kilipofungwa. Ugonjwa wa Parkinson ulithibitishwa na daktari mwezi Novemba uliotangulia, na klabu nzima ilikuwa inajua. Klabu yetu inaitwa Upepo wa Mbele. Ina watu thelathini na mmoja, wengi wamepita miaka hamsini, na huendesha kila Jumapili kutoka Machi hadi Oktoba kwenye vilima vya kusini mwa mji wa Oudenaarde. Mimi ni mmoja wao, na baiskeli zao karibu zote nazitengeneza mimi.

Tatizo lilikuwa la kiufundi na liliweza kuelezwa kwa sentensi mbili. Baiskeli yake ilikuwa na gia za waya: mkono wa kulia hubadilisha kaseti, yaani sproketi, vile vigurudumu vyenye meno, za nyuma; mkono wa kushoto huhamisha mnyororo baina ya sproketi kubwa na ndogo za mbele. Kidole chake cha kushoto kilikuwa hakina tena nguvu ya kusukuma ule wenzo wa gia hadi mwisho, kwa hiyo tangu msimu ulipoanza alikuwa akivusha mkono wa kulia juu ya usukani ili kuusukuma, katikati ya kundi, kwa mwendo wa kilomita thelathini na tano kwa saa. Bavo Stalpaert, nahodha wetu, alikuwa ameniambia hivyo kwa simu. Alisema: "Umtengeneze yeye au baiskeli, mimi sijali kipi, ila Jumapili ijayo sitaki kuona tena kile kitu."

Nilimpa Cyriel ushauri ambao ningempa mtu yeyote. Tung'oe mfumo mzima wa waya, tuweke wa umeme. Betri hukaa ndani ya bomba la kiti. Kubadilisha gia ni kubonyeza kitufe, na kitufe hakihitaji nguvu zaidi kuliko swichi ya taa. Zaidi ya hayo, mfumo unaweza kupangwa ili kila kitu kiamriwe na mkono wa kulia: ukibonyeza kuelekea gia nyepesi, kaseti inabadilika hatua kwa hatua, na ikifika hatua fulani iliyowekwa na fundi, mnyororo unahamia wenyewe, huko mbele, kutoka sproketi kubwa kwenda ndogo. Mkono wa kushoto unabaki na kazi ya breki na kushika.

Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali moja tu.

"Nitajuaje kwamba sasa ndipo itahama?"

"Utahesabu. Ukiwa sproketi kubwa na gia yako ya tambarare, unabonyeza mara tano, bado uko kubwa. Mara ya sita, inashuka ndogo."

"Tano, halafu sita."

"Ndiyo."

"Hilo naweza," alisema. "Miaka thelathini na minne nimehesabu mitambo kwa masikio."

Mke wake, Rosanne, alifika saa tatu, akiwa amevaa koti la mvua la kijani na ameshika orodha ya sokoni. Aliitazama baiskeli juu ya stendi, ikiwa haina mnyororo, akaniuliza kama kazi hiyo ina maana.

"Kwa gia, ndiyo," nilisema.

"Sikuulizi gia."

Cyriel alikaa kwenye kiti cha wateja. Hapo ndipo mapatano yalipofanyika, na mimi nilikuwa shahidi. Rosanne alisema hatamzuia kuendesha, kwa sababu mtu asiyeendesha angekuwa amekaa jikoni kwake kutwa nzima, na huyo hamtaki. Lakini siku ambayo mkono ule utamwangusha, ataacha. Si Jumapili ya mwisho, si mpaka msimu uishe. Siku hiyo hiyo.

"Mkono ukiniangusha," Cyriel alisema, "naacha. Hata kutazama mashindano kwenye televisheni naacha."

"Hilo la televisheni ungelifanya mapema zaidi," Rosanne alisema.

Cyriel akampa mkono, ule wa kushoto, na wakapeana mbele yangu. Kisha Rosanne akanigeukia. "Na wewe utaniambia ukweli, Lode. Yeye atanidanganya."

Nikasema nitamwambia.

Kazi ilinichukua siku mbili. Kwenye kaseti ya nyuma niliweka sproketi kumi na mbili, ndogo yenye meno kumi na moja na kubwa yenye meno thelathini. Mbele, hamsini na thelathini na nne. Mnyororo mpya, viungo mia moja na kumi na viwili. Mpaka wa kuhamia sproketi ndogo niliuweka kwenye sproketi ya nyuma yenye meno ishirini na manne, kwa sababu zaidi ya hapo mnyororo ulio kwenye sproketi kubwa hukaa mshazari mno na kulika haraka. Hayo yote yamo kwenye karatasi ya kazi.

Mfumo ulifanya kazi. Kuanzia Machi hadi Septemba Cyriel aliendesha kilomita elfu nne, mia sita na kumi. Idadi hiyo ni ya kompyuta ndogo ya usukani wake, ambayo hurekodi pia kila badiliko la gia pamoja na saa, dakika na sekunde yake. Kila baada ya wiki sita nilimpima nguvu za mkono wa kushoto kwa kipimo nilichoazima kwa binamu yangu anayefanya kazi ya kuwanyoosha viungo wagonjwa. Machi ulikaza kilo thelathini na moja. Juni, ishirini na nne. Septemba, kumi na saba. Kwa breki alizokuwa nazo nilikuwa nimejiwekea kiwango cha chini cha kilo kumi na tano, na nilikuwa nimemwambia Rosanne hivyo.

"Kumi na saba," alisema kwenye simu. "Kwa hiyo Oktoba?"

"Kwa hiyo Oktoba mwanzoni, ndiyo. Baada ya hapo tutapima tena."

Jumapili ya kwanza ya Oktoba klabu hufunga msimu. Safari hiyo hupita Hoogkouter, kilima ambacho barabara yake ya kupanda, ya mawe yaliyopangwa, ina urefu wa mita mia tisa, na mahali pake pakali zaidi mwinuko ni asilimia kumi na nane. Sheria yetu juu ya kilima hicho ni ya zamani kuliko mwanachama yeyote aliye hai. Chini kwenye daraja mazungumzo yanakoma. Anayegusa ardhi kwa mguu kabla ya kufika kanisa dogo la juu, jina lake linaandikwa kwa chaki kwenye ubao ulio nyuma ya kaunta ya mgahawa wa klabu, na linakaa hapo hadi Machi, kila mtu akinywa akilitazama. Hakuna anayesikilizwa utetezi. Pancha ni mguu. Mnyororo uliokatika ni mguu. Jina la Bavo limeandikwa mara saba. Langu mara nne. La Cyriel, katika miaka thelathini na tisa, halijawahi kuandikwa.

Namna yake ya kukipanda ilikuwa inajulikana. Alikuwa akiingia kwenye mawe katika sproketi kubwa, akibonyeza gia moja moja akiwa amekaa, na mwinuko wa kwanza ukianza alibonyeza mara ya tano na kusimama juu ya pedeli papo hapo, akiusukuma mzigo kwa uzito wa mwili kwa mita thelathini hivi. Kisha alikaa, akabonyeza mara ya sita, sproketi ndogo ikaingia, akaendelea hadi juu kama mtu anayepanda ngazi za nyumbani kwake. Zamani alifanya hivyo kwa wenzo na waya. Msimu huo alifanya hivyo kwa kitufe. Vile vilima vingine alivipanda hivyo hivyo tangu Aprili, na mara ya tano na ya sita hazikumdanganya hata siku moja.

Ijumaa tarehe 29 Septemba, saa kumi jioni, alileta baiskeli nisafishe mnyororo. Bavo alikuwepo dukani, amekuja kuchukua tairi. Nilimtazama Cyriel akitembea kutoka mlangoni hadi stendi, hatua fupi, mguu wa kushoto ukikwaruza sakafu, nikafikiri juu ya asilimia kumi na nane. Nikamwambia nina kaseti nyingine, yenye sproketi kubwa ya meno thelathini na nne. Kibadilishio cha nyuma kinaipokea bila shida.

"Thelathini na nne!" Bavo alisema. "Hiyo si gia, hiyo ni sahani ya pai. Mke wangu atauliza iliko."

"Mkeo amezoea kukuona ukila moja kwa moja kwenye sufuria," Cyriel alimjibu. Kisha akanigeukia. "Thelathini zinanitosha, Lode."

"Mwezi Mei zilikutosha."

 Bavo akajifanya anasoma maandishi ya ubavuni mwa tairi.

"Itabadilisha nini?" Cyriel aliuliza.

"Unaongezewa gia moja nyepesi chini kabisa," nilisema. "Mengine yote yako vilevile."

Sentensi hiyo ya mwisho haikuwa sahihi, na niliyeitamka ni mimi.

Kaseti ya meno thelathini na nne haiongezi sproketi. Zinabaki kumi na mbili. Ili kufika thelathini na nne, hatua kati ya nyingine zinapanuka, na ile ya meno kumi na sita haipo. Nilibadilisha kaseti, nikaongeza viungo viwili vya mnyororo, nikarekebisha skrubu ya kibadilishio, nikaingia kwenye programu na kuuweka mpaka wa kuhamia palepale ulipokuwa, kwenye sproketi ya meno ishirini na manne. Hilo lilikuwa sahihi kwa mnyororo. Lakini kutoka gia yake ya tambarare hadi meno ishirini na manne, kwenye kaseti ya zamani zilikuwa hatua tano. Kwenye mpya zilikuwa nne. Maana yake ni kwamba sproketi ndogo haikuingia tena mara ya sita. Iliingia mara ya tano, palepale alipozoea kusimama.

Mimi nilipanga kwa meno. Yeye alihesabu kwa kidole. Niliandika mpaka huo kwenye karatasi ya kazi, kama ninavyoandika siku zote, "24", nikaikunja, nikaiweka kwenye mkoba wa chini ya kiti. Cyriel hakuwa na sababu ya kuisoma, na kama angeisoma, namba ilikuwa ile ile ya Machi. Nilimwambia ajaribu baiskeli barabarani. Alizunguka mtaa mmoja, mtaa wetu ni tambarare, akarudi akasema iko kimya kama paka. Bavo akatoa maandazi yenye maziwa mgando ndani kutoka kwenye mfuko wa karatasi, tukala tumesimama, tukazungumza habari za upepo wa Jumapili.

Jumapili tarehe 1 Oktoba tulikuwa ishirini na sita. Nyuzi joto kumi na tatu, barabara kavu, upepo wa kusini-magharibi. Kwenye daraja la chini ya Hoogkouter mazungumzo yalikoma. Cyriel alikuwa wa tisa katika mstari. Mimi nilikuwa wa kumi na tatu, nyuma yake kwa mita kama kumi na mbili, na hakukuwa na kitu cha kunizuia kumwona.

Aliingia kwenye mawe akiwa amekaa. Mwinuko ulipoanza alisimama. Wakati huohuo miguu yake ilizunguka nusu duara bila kukuta kitu, kama mtu anayekanyaga ngazi ambayo haipo. Kifua kilikwenda mbele ya usukani. Mkono wa kulia ulishika. Wa kushoto uliachia. Akaangukia ubavu wa kushoto, nyonga ikiwa ya kwanza kufika kwenye mawe.

Nilipomfikia alikuwa macho.

"Usiniguse," alisema. "Mguu haupo mahali pake."

"Usijisogeze."

"Umeona?" aliuliza. "Mkono huo."

Nilisema atulie, gari la wagonjwa limeitwa. Rosanne alikuwa juu, kwenye kanisa dogo, na wake wengine wawili na chupa za kahawa; huwa wanahesabu kofia zinapochomoza. Bavo alipanda kwenda kumwambia. Alipanda kwa miguu, akisukuma baiskeli, na hakuna aliyemkumbusha sheria.

Gari lilifika saa nne na dakika thelathini na tisa. Baiskeli niliichukua mimi. Usukani ulikuwa umepinda kidogo, mkono wa breki wa kushoto umechubuka, mengine yote yalikuwa salama. Niliitundika kwenye ndoano ya nyuma, karibu na choo, nikaifunika kwa shuka. Kompyuta ndogo ilikuwa bado iko kwenye usukani, imezimwa.

Nyonga ilifanyiwa upasuaji Jumatatu. Tarehe 8, Jumapili, tulikwenda kumwona, Bavo na mimi. Alikuwa kitanda cha dirishani. Mkono wa kushoto ulikuwa juu ya blanketi, ukisokota.

"Mmeniandika?" lilikuwa swali lake la kwanza.

Bavo akatazama sakafu. "Hatukuandika, mzee. Tulipiga kura."

"Kura ya nini? Tangu lini kuna kura?"

"Ulivunjika nyonga, bwana. Kuna mipaka."

"Pancha ni mguu," Cyriel alisema. "Mnyororo ni mguu. Na nyonga nayo ni nini, si iko juu ya mguu? Niandike, Bavo. Leo hii. La sivyo nitakuja mwenyewe na hii chupa ya mkojo."

Bavo alicheka, kisha akatoka kwenda ukumbini na hakurudi kwa muda. Jina lilikuwa ubaoni jioni hiyo.

Tulipobaki wawili, Cyriel akasema: "Ilikuwa mara ya tano. Nilibonyeza mara ya tano, nikasimama. Lakini lazima kidole kilitetemeka kikabonyeza mara mbili. Sivyo? Hakuna kitu kingine kinachoweza kuleta hivyo."

"Sijui," nilisema.

"Wewe ndiye fundi."

"Sijaifungua baiskeli."

Hayo yote mawili yalikuwa kweli.

"Kilibonyeza mara mbili," alisema. "Basi. Tulipatana."

Mnyoosha viungo wa hospitali alimjia kila asubuhi kumsimamisha. Rosanne ameniambia, na muuguzi wa zamu amenithibitishia, kwamba Cyriel alikuwa akimshukuru na kukataa. Hakugombana. Alisema mkono umekwisha amua, na kwamba amempa mke wake neno lake. Rosanne alimwambia mapatano yalikuwa ya baiskeli, si ya kutembea. Alimjibu kwamba hajui kuvitenganisha. Tarehe 12 alipata homa. Tarehe 18, Jumatano, saa kumi na moja na dakika hamsini alfajiri, alifariki. Cheti kinasema nimonia. Sina ushahidi wa kusema zaidi ya hapo.

Alhamisi tarehe 19, baada ya kufunga duka, niliishusha baiskeli kwenye ndoano. Niliondoa kompyuta, nikaiunganisha na ile ya dukani, nikafungua rekodi ya tarehe mosi. Ilichukua dakika nne, pamoja na muda wa kutafuta waya.

Mistari inayohusika ni sita. Kitufe cha kulia kilibonyezwa saa nne, dakika kumi na nne, sekunde ya pili, kisha sekunde ya tano, ya tisa, ya kumi na mbili. Mara nne, zote sproketi kubwa. Sekunde ya kumi na tano kilibonyezwa mara ya tano. Mara moja. Katika sekunde hiyohiyo mnyororo ulihama mbele kutoka meno hamsini kwenda thelathini na nne, na nyuma ukarekebishwa hatua mbili, kama mfumo ulivyoagizwa kufanya. Mstari wa mwisho ni kasi: sekunde ya kumi na tisa, sifuri.

Niliisoma mara tatu. Kisha nikaipandisha baiskeli kwenye stendi na kuzungusha pedeli kwa mkono, kuanzia gia yake ya tambarare, nikibonyeza na kuhesabu kwa sauti. Mara ya tano sproketi ndogo iliingia. Nikarudia mara kumi. Mara kumi zote iliingia ya tano.

Maziko yalikuwa Jumanne tarehe 24. Tulimsindikiza jinsi tunavyowasindikiza wetu: jezi za klabu, wawili wawili nyuma ya gari la maiti, nafasi moja tupu upande wa kushoto wa mstari wa tano. Kasi ilikuwa kilomita kumi na moja kwa saa, ambayo ni ngumu kuishika bila kuyumba. Rosanne alimpa kila mmoja wetu mkono mlangoni mwa kanisa. Aliponifikia mimi sikusema lolote isipokuwa pole. Kulikuwa na watu ishirini na tisa nyuma yangu kwenye foleni. Najua kwamba hiyo si sababu.

Jumamosi tarehe 28 Oktoba, saa nane na dakika hamsini mchana, aliingia dukani. Alikuwa amevaa koti lile la kijani. Hakukaa.

"Baiskeli ipo?"

"Ipo."

"Binti yangu ananiambia niiuze. Nimemwambia kwanza nataka kumuuliza Lode kitu." Aliweka mkoba wake juu ya kaunta. "Ulisema utaniambia ukweli. Ulikuwa mkono?"

Nilikuwa nimeichapisha rekodi tangu tarehe 19. Nilitoa karatasi kwenye droo, nikaigeuza ili aweze kuisoma, nikamwonyesha mstari kwa mstari kwa ncha ya kalamu. Nilimweleza kaseti ya zamani na mpya, meno na hatua, tano na sita. Nilimwambia nilichomwambia Cyriel siku ya Ijumaa, neno kwa neno: mengine yote yako vilevile. Rosanne si fundi, lakini alifundisha hesabu shule ya msingi miaka ishirini na sita. Hakuniuliza nirudie.

"Kwa hiyo alibonyeza mara moja," alisema.

"Mara moja."

"Mkono haukukosea."

"Mkono wa kushoto uliachia usukani baada ya mnyororo kuhama. Mkono wenye nguvu pia huenda ungeachia. Hilo siwezi kulithibitisha. Kidole hakikukosea. Hilo linathibitika."

Akaishika karatasi kwa mikono miwili. "Umejua lini?"

"Tarehe kumi na tisa."

"Siku iliyofuata kifo chake."

"Ndiyo."

"Na ungeweza kujua lini?"

"Tarehe mosi. Jioni ile ile."

"Inachukua muda gani?"

"Dakika nne."

Gari la mizigo lilipita nje, vioo vya dirisha vikatetemeka. Alisubiri mpaka likapita.

"Alikuwa akiutazama," alisema. "Pale kitandani. Alikuwa anautazama ule mkono kama unavyomtazama mtu aliyekuibia. Siku kumi na saba, Lode. Nilikuwa naushika, anauondoa." Aliikunja karatasi mara mbili. "Ulikuwa unaogopa nini?"

Nilimwambia kwamba niliogopa kukuta kile nilichokikuta.

"Basi ulikuwa unajua."

"Sikujua. Nilishuku."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipomwona miguu inazunguka bure. Kidole kikibonyeza mara mbili kwa ile kaseti ya zamani, ingetokea vivyo hivyo. Nilijishikilia kwenye uwezekano huo."

Aliitikia kwa kichwa, jinsi mwalimu anavyoitikia mwanafunzi aliyetoa jibu sahihi baada ya kengele. Hakupandisha sauti. Alisema anaitaka baiskeli sasa hivi. Nikamwambia usukani bado umepinda, naweza kuunyoosha kwa dakika kumi. Akasema hapana. Nikamwambia haitaingia kwenye gari dogo bila kuondolewa gurudumu. Akasema hakuja na gari.

Niliishusha. Aliweka karatasi kwenye mfuko wa koti, akaishika baiskeli kwa usukani na kiti, akaisukuma hadi mlangoni. Nilimfungulia. Kiti kilikuwa juu kuliko kiuno chake, na usukani uliopinda ulikuwa unamvuta kuelekea barabarani, kwa hiyo alikuwa anaurudisha kila baada ya hatua chache.

Nilibaki mlangoni. Kwenye kona ya duka la mikate njia inagawanyika: kulia ni mtaa wao, kushoto ni makaburini. Alisimama kulipisha gari. Kisha akapinda kushoto. Ilikuwa saa tisa na dakika ishirini na moja.